Mizinga ya Tarakan: waliofyatua baada ya kusalimu amri walikosa?

Kombo_wa_Gati: Wakuu, Januari 1942 Wajapani walishuka Tarakan, kisiwa cha pwani ya Borneo kilichokuwa koloni la Waholanzi, kufuata mafuta. Tarehe 12 kamanda wa Kiholanzi akasalimu amri. Siku hiyohiyo W-13 na W-14, meli za Japani za kutegua mabomu ya baharini, zikaja kusafisha njia. Kikosi cha mizinga cha Waholanzi pale Karungan, kisiwani humo, hakikuwa na habari, mawasiliano yalikatika. Kikazizamisha zote mbili. Wana kosa?

Mnyoofu: Wanalo. Bendera nyeupe ikishapanda, kufyatua ni kuua. Tena wamepiga wafagizi wa bahari!

Nahodha77: Wafagizi? Kila moja ilibeba mizinga miwili ya milimita 120. Wewe uko ufukweni, mdomo wa mzinga unakutazama, utauliza kwanza kazi yake?

Mnyoofu: Usinifundishe meli. Ile inaburuta waya wenye vikatio, inakata kamba ya bomu lililofungwa chini, bomu linaibuka, linapigwa risasi. Ukiwa na waya nyuma hata kukata kona upesi huwezi. Watu zaidi ya 150 wamekufa hivyo!

Nahodha77: Na wanafungua njia ya nani? Ya manowari na wanajeshi. Hiyo ni vita.

Bi_Shamba: Mbona mnamficha Sakaguchi? Kamanda wa jeshi la nchi kavu, Mjapani mwenyewe, aliwaonya wanamaji wake wasiingie, kwamba kikosi kile huenda hakijajua.

Mnyoofu: Nani anaficha, dada? Mimi sifichi kitu, chunga kauli yako.

Bi_Shamba: Basi sema na la pili. Mateka wa Kiholanzi zaidi ya 200 walitoswa baharini kulipiza kisasi cha meli hizo. Unawalilia 150 tu?

Mnyoofu: Nimetetea wauaji wapi? Nukuu!

Mwana_Kisima: Mnalia Wajapani, mnalia Waholanzi. Mafuta yalikuwa ya nani? Waholanzi walichoma visima kabla hawajashindwa, kana kwamba kisiwa ni shamba lao. Mwenyeji wa Tarakan hamjamtaja hata mmoja.

Kombo_wa_Gati: Ndugu, mada ni mizinga.

Mwana_Kisima: Mizinga ililinda nini kama si visima? Nijibu hilo kwanza.

Nahodha77: Kwa hiyo Mjapani alikuja kuwakomboa? Thubutu!

Mwana_Kisima: Sijasema hivyo. Nimeuliza mafuta ni ya nani, na hakuna aliyejibu.