Mshauri nasaha aliyekulia nje ataelewa mambo ya kihamba?

MtotoWaMwisho (Njiro, Arusha): Wakuu, naombeni mawazo. Tangu tumzike mzee kule Kibosho, silali. Mimi ndiye kitinda mimba, kwa hiyo kwa mila yetu Wachaga kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ni changu, na ukoo umeshakaa ukasema nirudi niishi pale. Kazi yangu ya utalii iko Arusha, mke ni Mnyaturu, watoto wanasoma. Rafiki kanielekeza kwa mshauri nasaha mmoja hapa mjini. Mama yake Mhindi wa Moshi, baba Mpare, amekulia Nairobi, kasomea Kanada. Mtu huyo nianzie wapi kumweleza kihamba?

Babu_Ngarenaro: Hela ya kumlipa nunua mbege ukae na wazee. Yataisha.

DadaMshauri (Moshi): Pole kwa msiba, kaka. Nafanya kazi hiyohiyo. Babu hajakosea, wazee utakaa nao tu. Ila wao wana upande kwenye shauri hili, na wewe unahitaji pa kusemea.

Asili yake isikutishe, wala isikuvutie. Frantz Fanon alizaliwa Martinique, akasomea tiba ya akili Ufaransa, na mwaka 1953 akaanza kazi hospitali ya Blida, Algeria. Mbinu alizotoka nazo Ufaransa ziliwasaidia wagonjwa wanawake wa Kizungu, lakini wanaume Waislamu hazikuwagusa. Akageuka: akawawekea mgahawa wa kahawa wa kwao, sikukuu zao, msimulizi wa hadithi. Wakaanza kuchangamka. Mpime huyo mshauri wako kwa hilo, kama anaweza kugeuka.

Kikao cha kwanza mweleze kihamba, kisha nyamaza. Akikuuliza mama yako anasemaje, kaka zako wamepewa nini, mkeo atapokelewaje na mawifi, rudi tena. Akikimbilia kukwambia uwakatae ukoo uishi maisha yako, lipa, aga, nenda zako. Na lugha chagua wewe. Nina wateja wanaoeleza mambo ya kazi kwa Kiswahili, wakifika kwenye machozi ni Kichaga.

MtotoWaMwisho: Asante dada. Mke anataka twende wote.

DadaMshauri: Muulize mshauri, kila mmoja ana utaratibu wake. Ningekuwa mimi, ningekuona peke yako kwanza. Umetueleza ukoo unataka nini. Wewe je, unataka kurudi?

MtotoWaMwisho: Hapo ndipo usingizi unapokatikia.

Babu_Ngarenaro: Na migomba nani atapalilia?