Mashine ya randa inachimba mwisho wa ubao na juzi imenirushia kipande: naomba ushauri kabla sijaumia

Seremala_Moro

Wakuu habari za jioni, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni seremala, nipo Morogoro, natengeneza meza, vitanda na milango kidogo. Miaka yote nimepiga randa kwa mkono. Miezi mitatu iliyopita nikanunua mashine ya randa ya mezani iliyotumika, ile yenye meza mbili na visu katikati, unasukuma ubao kwa mkono juu yake. Upana wake inchi 8, urefu wa meza zote mbili ni kama futi 4, visu vitatu. Aliyeniuzia aliniwashia, ikaunguruma vizuri, nikalipa. Kava la kufunika visu halikuwepo, akasema mafundi wote hulitoa. Mimi nikaamini.

Sasa nina matatizo matatu.

La kwanza, kila ubao ukikaribia kumalizika, inchi mbili za mwisho zinachimbwa. Ukipitisha kidole unausikia mfereji kabisa.

La pili, nina kazi ya meza ya mninga, top ya mbao tano. Nikisimamisha mbao mbili pembe kwa pembe, yaani zile pande nyembamba zikigusana, nione kama zimekaa, naona mwanga katikati. Nikikaza klampu unaziba, lakini najua baada ya masika itaachia.

La tatu ndilo limenifanya niandike. Juzi nilikuwa nasawazisha kipande cha mvule, kifupi tu, kama sentimita 20. Kikanasa, kikarushwa nyuma yangu hadi ukutani, na mkono wangu ukashuka palepale kilipokuwa. Kisu kimenyoa ncha ya kucha ya kidole cha kati. Kucha tu, nyama haikuguswa. Nilizima mashine nikakaa chini kwenye maranda, na tangu siku hiyo sijaiwasha. Nina kijana ninayemfundisha, ana miaka 19, na alikuwa amesimama pembeni anaangalia.

Naombeni mnielekeze kuifunga na kuitumia kwa usahihi. Kazi ya watu ipo na advansi nimeshakula.

---

Mzee_wa_Mkongo

Marahaba mwanangu. Mshukuru Mungu kwa hiyo kucha. Mimi nilianza ufundi mwaka 1988 na kidole changu cha kati cha kushoto kinaishia kwenye kiungo cha juu. Kilikuwa kipande cha mkongo, urefu kama huo huo wa kwako. Kwa hiyo naanza na tatu, mengine utajibiwa.

Kipande kifupi hakipandi kwenye mashine hiyo. Mimi mpaka wangu ni futi moja, sentimita 30. Chini ya hapo, chukua randa ya mkono, au sawazisha ubao ukiwa mrefu ndipo ukate. Sababu ni hii: kati ya meza ya kuingizia na meza ya kutolea kuna uwazi wa visu. Ubao mrefu unauvuka ukiwa umelala kwenye meza zote mbili. Kipande kifupi kinainamisha kichwa ndani ya uwazi, kisu kinauma kuliko ulivyopima, kipande kinarushwa, na mkono uliokuwa unakandamiza hauna tena cha kukandamiza ila visu.

Na kava lirudi. Aliyekwambia mafundi wote hulitoa amekudanganya.

---

Chuma_na_Mbao

Mkuu, namba moja yako nina hakika nayo hata bila kuiona mashine. Meza ya kutolea ipo chini kuliko visu.

Iko hivi. Meza ya kutolea inatakiwa iwe sawasawa kabisa na ncha ya kisu kikiwa juu kabisa ya mzunguko wake. Meza ya kuingizia ndiyo inashuka, na kiasi ilichoshuka ndicho kisu kinachokula. Kama ya kutolea iko chini kidogo, ubao unatembea vizuri kwa sababu mkia wake bado umelala meza ya kuingizia. Mkia ukitoka tu, ubao unaanguka ile nafasi ndogo na visu vinachimba. Ndiyo zile inchi mbili zako. Ikiwa juu kuliko visu, kichwa cha ubao kinagonga ukingo wa meza na kukwama, au ubao unatoka umechongoka, upande mnene upande mwembamba.

Kabla ya kugusa chochote CHOMOA WAYA ukutani. Kuzima swichi hakutoshi. Halafu tafuta kibao kilichonyooka, urefu kama futi moja, kisiwe rula ya chuma maana utanyonyoa makali. Kilaze juu ya meza ya kutolea, ncha yake ivuke juu ya visu. Piga alama ya penseli pale kinapokutana na ukingo wa meza. Zungusha ngoma ya visu, ule mhimili unaovibeba, taratibu kwa kushika puli, gurudumu la mkanda. Kisu kikipita juu kitakibeba kibao kidogo kuelekea upande wa kuingizia, halafu kitakiacha. Piga alama ya pili. Mimi nataka zile alama mbili ziachane milimita 3 hivi. Kisu kisipokigusa kibao kabisa, kiko chini. Kikikibeba mbali sana, kiko juu.

Fanya hivyo kushoto, katikati na kulia, kwa kila kisu. Visu vitatu, mara tisa. Inachosha, lakini ukikuta kisu kimoja kinabeba milimita 3 na kingine 8, ujue kimoja tu ndicho kinafanya kazi, vingine vinasindikiza. Legeza skrubu za hicho kilichozidi, kishushe, kaza kidogo kidogo ukianzia katikati kwenda pembeni, kisha pima tena kwa sababu kukaza huwa kunakisogeza. Visu vikilingana vyote, ndipo upandishe meza ya kutolea ifike usawa wao.

---

Dogo_Fundi255

Kaka pole sana. Ushauri wangu nunua glovu nzito zile za ngozi, hata ikiteleza mkono una kinga.

---

Mzee_wa_Mkongo

Hapana mwanangu, hapo usimshauri hivyo. Glovu kwenye mashine inayozunguka ni hatari kuliko mkono mtupu. Kisu kikishika uzi wa glovu kinavuta mkono wote ndani kabla hujajua. Mikono mitupu, mikono ya shati imekunjwa juu ya kiwiko, saa na pete mfukoni. Kinachokinga mkono ni kibao cha kusukumia.

---

Dogo_Fundi255

Nimekuelewa mzee, asante. Nilikuwa nazitumia kwenye msumeno pia, naziacha leo.

---

Fundi_Umeme_Mwz

Naingia upande wangu. Mkuu, mashine yako inawashwa na swichi gani? Nimekuta karakana nyingi mashine imeunganishwa kwenye swichi ya kawaida ya ukutani. Hapo kuna hatari watu hawaioni. Umeme unakatika, fundi anaacha swichi ikiwa imewashwa, anaanza kufuta maranda kwa mkono kwenye visu. Umeme unarudi, ngoma inaondoka nayo.

Weka swichi yenye kontakta, zile za kitufe cha kijani na chekundu. Umeme ukikatika inajiachia, ukirudi mashine haiwaki mpaka mtu abonyeze. Kitufe chekundu kiwe mahali unapoweza kukipiga kwa goti au nyonga mikono ikiwa imeshika ubao.

Kama mota ni ya fezi tatu, kila mara ukihamisha mashine au ukibadilisha soketi, iwashe kwanza bila ubao uone inazunguka upande gani. Fezi mbili zikibadilishana nafasi, mota inageuka kinyume. Juu ya meza, visu vinatakiwa vije kuelekea kwako unayesukuma.

---

Seremala_Moro

Mungu awabariki. Mota ni ya fezi moja, na swichi ni hiyohiyo ya ukutani uliyoisema, nitaibadilisha. Kesho napima visu kwa kibao.

Mzee, kava nilifanyeje? Madukani huku sijaliona likiuzwa peke yake. Na mtu anasukumaje ubao bila mkono kupita juu ya visu? Hilo ndilo sielewi.

---

Mzee_wa_Mkongo

Kava litengeneze. Chukua ubao mgumu ulionyooka, upana kama inchi 4, urefu upite upana wa meza. Ufunge kwenye nguzo ndogo ya chuma pembeni mwa mashine, na bolti yenye nati ya kushika kwa mkono, uweze kuupandisha, kuushusha, na kuusogeza mbele na nyuma. Uwe unakaa juu ya visu kama daraja. Ukisawazisha bapa la ubao, daraja unaliinua unene wa ubao tu, ubao unapita chini yake. Ukisawazisha pembe, unalishusha na kulisogeza karibu na fensi, ule ukuta uliosimama juu ya meza wa kuegemezea ubao, ubao unapita katikati ya daraja na fensi. Liwe la mbao au aluminiamu, siyo chuma kigumu, kwa sababu likigusana na visu siku moja, bora liliwe lenyewe.

Mikono sasa. Unaanza kwa kukandamiza upande wa kuingizia. Kichwa cha ubao kikishapita visu kama futi moja, mkono wa kushoto unauinua, unauvusha na kuuweka upande wa kutolea, unakandamiza pale. Kisha wa kulia unafuata vilevile. Hauburuzwi juu ya visu, unanyanyuliwa. Mwishoni unamalizia na kibao cha kusukumia chenye kisigino kinachoshika mkia wa ubao. Tengeneza viwili, vitundike hapo hapo kwenye mashine. Vikikaa kabatini hutavifuata.

Usisimame nyuma ya ubao. Simama ubavuni mwa mashine, na huyo kijana asisimame kabisa kwenye njia ya ubao kurudi.

---

Binti_Karakana_Nbi

Naandika kutoka Nairobi, nina karakana ya viti. Hilo la mwanga katikati ya mbao lina njia rahisi.

Kwanza hakikisha fensi iko nyuzi 90. Weka skwea, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya meza ya kutolea, uegemeze kwenye fensi, utazame dhidi ya dirisha. Lakini hata ikikosea kidogo, fanya hivi: panga mbao zako tano vile zitakavyokaa kwenye meza, uzipe namba kwa chaki. Kila kiungo, ubao mmoja ulaze uso wake ukitazama fensi, jirani yake uso ukitazama nje. Fensi ikiwa imeinama nusu nyuzi, ubao mmoja unainama kushoto na mwingine kulia, vikikutana vinafutana na meza inakaa bapa.

Kama mwanga uko katikati ya urefu, tazama meza zenyewe. Laza kitu kirefu kilichonyooka juu ya meza zote mbili zikiwa zimepandishwa usawa mmoja. Ukiona uwazi mahali popote, meza haziko sambamba na kila ubao utatoka umepinda kidogo, hata visu viwe vikali namna gani. Za zamani huwa zimelegea pale zinapoteleza. Unaweka vipande vyembamba vya bati kuziinua. Kazi ya subira.

Na usile zaidi ya milimita 1 kwa mpito mmoja kwa mninga na mvule. Ngoma yenye visu vitatu ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, hayo ni mapigo 250 kila sekunde. Mkato mnene hauharakishi kazi, unang'oa nyuzi za mbao tu.

Swali langu: je, huwa unatazama nyuzi zinaelekea wapi kabla ya kusukuma?

---

Seremala_Moro

Kwa randa ya mkono natazama. Kwa mashine nilidhani ina nguvu haijali.

---

Binti_Karakana_Nbi

Inajali zaidi. Tazama ubavu wa ubao: nyuzi zinazoshuka zishuke kuelekea mkia, upande wako, kama manyoya ya paka unayempapasa kutoka kichwani. Ukisukuma kinyume, kisu kinaingia chini ya nyuzi na kuzing'oa, na hapo ndipo ubao unaruka. Mninga nyuzi zake hugeuka geuka, kwa hiyo mkato uwe mwembamba na mwendo wa taratibu. Ubao uliopinda ulaze tumbo likiwa juu, usimame kwenye ncha zake mbili bila kucheza. Na usiukandamize hadi unyooke, maana ukiuachia utarudi ulivyokuwa.

Vaa barakoa pia. Tangu mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mvule peke yake unawasha ngozi na kifua.

---

Seremala_Moro

Mrejesho wakuu. Nimechukua siku mbili.

Kisu cha kwanza kilibeba kibao milimita 9, cha pili 2, cha tatu hakikugusa kabisa upande wa kulia. Kwa miezi mitatu nimekuwa nafanya kazi na kisu kimoja. Skrubu mbili za kile cha tatu zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Nilipoziona hivyo mikono ilinitetemeka, kisu kile kingeweza kutoka kizima.

Nimevisawazisha vyote, meza ya kutolea imepanda kama unene wa kadi ya simu. Daraja nimelitengeneza kwa kipande cha mtiki, vibao viwili vya kusukumia vimetundikwa, na swichi ya kontakta imefungwa leo asubuhi. Kijana nimemfundisha kupima na kibao, anapima yeye na mimi nasoma alama.

Mchana nimepitisha mbao mbili za mninga, milimita 1, mara tatu kila moja. Mwisho wa ubao haujachimbwa. Nimezisimamisha pembe kwa pembe, kijana akaweka tochi ya simu kwa nyuma. Mwanga umebaki kama uzi, upande wa kulia tu, urefu wa kiganja.

---

Chuma_na_Mbao

Hongera sana. Huo uzi wa kulia huenda ni fensi au meza zisizo sambamba. Meza zipime kama alivyosema dada wa Nairobi, na fensi ilegeze upime na skwea upya kwenye ncha zote mbili za meza ya kutolea, siyo katikati tu. Na baada ya saa moja ya kazi chomoa waya ukaze skrubu za visu mara ya pili, zile zilizokuwa zimelegea badilisha kabisa, nyuzi zake zitakuwa zimelika.