RAM mbovu kwenye kompyuta ya zamani: tupime kwa programu au tuchomoe moja moja?

Mwana Chumbageni
Wakuu, salaam. Mashine ni ya mezani, Core 2 Duo, Windows 7, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) mbili za aina ya DDR2, za GB 2 kila moja. Skrini ya bluu inatokea na namba ya kosa inabadilika kila mara. Ukifungua faili kubwa la zip unaambiwa limeharibika, ukirudia linafunguka vizuri. Asubuhi nyingine haiwaki kabisa, inalia tu. Njia ninazozijua ni tatu: kipimo cha Windows chenyewe, Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kwenye flashi, au kuchomoa RAM moja moja. Ipi itangulie?

Fundi Ngamiani
Mkuu, zip inayokataa kisha ikakubali inanuka RAM. Diski mbovu kwa kawaida hukwama palepale kila ukirudia. Lakini usianze na programu, anza na mikono. Tanga hewa ni ya chumvi na unyevu, meno ya RAM yanashika utando ambao macho hayauoni, na mashine kulia bila kuwaka mara nyingi ndiko kunakoanzia.

Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa RAM. Fungua vibanio vya pande zote mbili, itoe wima. Sugua meno kwa raba nyeupe safi, kutoka juu kuelekea ukingoni, usisugue kwa kukatiza. Fanya hivyo mbali na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ili vumbi la raba lisiingie kwenye sloti, yaani tundu la kuchomekea RAM. Malizia na kitambaa chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, acha ikauke dakika 5. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, iache. Sloti ipige brashi laini kavu. Msasa ni marufuku: dhahabu ile ni nyembamba sana, ikitoka, chini yake panashika kutu upesi na hakuna wa kuirudisha. Ukirudisha RAM, sukuma mpaka vibanio vyote viwili vilie "ta".

BintiRaskazone
Nakubaliana na Fundi kuhusu kusafisha, ila kuwaka si kupona. Kosa la RAM linaweza kujificha kwenye eneo dogo ambalo Windows hailigusi mpaka ufungue vitu vingi. Kwa hiyo baada ya raba, lazima kipimo.

Kati ya vile viwili, mimi naweka Memtest86+ mbele. Cha Windows (andika mdsched kwenye kisanduku cha kutafutia) hakihitaji kupakua chochote, na hicho ndicho kizuri chake. Ukikiacha kilivyo kinazunguka mara 2 tu na kinaweza kupitisha RAM mbovu. Ukikitumia, bonyeza F1, chagua Extended, na kwenye idadi ya mizunguko weka 0 kiendelee bila kikomo. Kikipata kosa kinakwambia kuna tatizo la kifaa, basi. Hakikuonyeshi anwani, yaani mahali kosa lilipo ndani ya RAM.

Memtest86+ inafanya kazi bila Windows, kwa hiyo inafikia karibu RAM yote, na inakuonyesha anwani ya kila kosa. Toleo la 6 na kuendelea linakubali BIOS ya zamani (programu ya kwenye mazabodi inayoiwasha mashine) na UEFI iliyokuja baada yake. Kutengeneza flashi kunafuta kila kilichomo, hamisha mafaili kwanza. Iache usiku kucha, angalau mizunguko 4. Kosa likitokea hata moja, hesabu kuna ubovu. Hakuna "kosa dogo" kwenye RAM. Umeme ukikatika katikati, anza upya, kwa hiyo kama una UPS (betri ya akiba ya kompyuta) itumie.

Mzee wa Volti
Dada kasema kweli, ila programu inajua kuna kosa, haijui kosa ni la nani. Hapo ndipo kuchomoa kunapokuja, na kwangu hii si njia ya tatu bali ni nusu ya pili ya hiyo ya pili.

Zote mbili zikionyesha makosa pamoja, pima ya kwanza peke yake sloti ya 1, kisha ya pili peke yake sloti ileile. Ile iliyopita safi ipeleke sloti ya 2. Makosa yakiifuata RAM popote uiwekapo, RAM ndiyo mbovu. Yakibaki kwenye sloti, lawama ni ya sloti. Kila moja ikipita peke yake lakini pamoja zinakosea, rudisha BIOS kwenye mpangilio wa kiwandani, kisha humohumo shusha mwendo wa RAM kutoka 800 hadi 667 upime tena.

Zikikosea zote, kila sloti, usinunue RAM. Angalia kapasita zilizovimba vichwa kwenye mazabodi, kisha pima pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kwa maltimita mashine ikiwa inafanya kazi: waya wa njano uwe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25.

Mwana Chumbageni
Shukrani sana. Ikibidi kununua, niangalie nini?

Fundi Ngamiani
Iandikwe DDR2, PC2-6400 (ndiyo ile ya mwendo wa 800), volti 1.8. DDR3 nayo ina meno 240, lakini pengo lake liko mahali pengine, usilazimishe. Kuna DDR2 za GB 4 za bei ya chini zilizotengenezwa kwa mazabodi za AMD tu. Kwenye Intel yako hazitafanya kazi. Mwombe muuzaji muipime hapohapo.

BintiRaskazone
Na mpaka hapo usiweke Windows upya, wala usiendeshe chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), wala usinakili picha za familia kwa mashine hiyo. Kila faili linapita kwenye RAM, na RAM mbovu inaliandika likiwa limeharibika bila kukuonya. Kama mafaili yana haraka, chomoa diski uyanakili kwa mashine nyingine.