Mjadala: Mfuko wa mawasiliano ulipie bando la shule, au uendelee kupeleka kompyuta?

Mzee wa Gungu: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote upo kwa sheria ya mwaka 2006. Unasaidia kujenga minara vijijini, unapeleka kompyuta mashuleni, unafundisha walimu TEHAMA. Sasa kompyuta ikishashushwa pale Uvinza, hapa kwetu Kigoma, bando ni la nani? Marekani wana ruzuku ya shule na maktaba iliyotokana na sheria ya 1996. Ile hainunui kompyuta. Inalipa asilimia 20 hadi 90 ya bili ya intaneti, na shule maskini ndiyo inayopunguziwa zaidi. Mwaka 2014 wakaibadilisha: fungu la simu za sauti likaanza kukatwa pointi 20 kila mwaka mpaka likaisha, nguvu ikahamia kwenye Wi-Fi ya madarasani. Naona na sisi tugeuze, mashine zipungue na bili ya mwezi ilipwe. Mnasemaje?

Katubuka: Shikamoo mzee wangu. Bili ikilipwa tarehe 1, tarehe 8 walimu wamelimaliza bando kwa kuangalia mpira. Tuanze na nidhamu kwanza.

Mwalimu Kasulu: Katubuka, hilo ni tusi na nalijibu. Uhamisho wa mwanafunzi wa msingi unafanyika kwenye PReM. Hesabu za fedha za shule zinaingizwa FFARS. Ununuzi unapita NeST. Mifumo yote mitatu inataka intaneti, na mwalimu mkuu anaifungua kwa simu yake na bando lake. Fedha ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, na zinazofika akaunti ya shule ni 6,000. Shule ya watoto 400 inapata 2,400,000, yaani laki mbili kwa mwezi, na humo humo kuna mitihani, ukarabati, taaluma, michezo na utawala. Niambie hilo bando la mpira linakatwa kwenye fungu gani.

Fundi wa Mwanga: Mnagombana na mtu asiyehusika. Mlaji mkubwa wa bando kwenye maabara ya shule ni Windows. Kompyuta iliyokaa kwenye boksi miezi sita, siku ya kwanza ikiona mtandao inashusha masasisho, na lile kubwa linafika GB 3 au 4. Kompyuta 20 ni GB 60 hadi 80, na hapo hakuna mtoto aliyefungua hata ukurasa mmoja. Video ya kawaida, ile isiyo kali sana, inakula kama nusu GB kwa saa. Pigeni hesabu wenyewe ni mechi ngapi zinaingia humo.

Dawa yake: kwenye kila mashine, Wi-Fi ya shule iwekwe kama mtandao unaolipiwa kwa kipimo, masasisho mengi yatasubiri. Halafu kwenye ruta kila kifaa kiwekewe kiwango chake cha spidi, na mashine ya ofisi inayofungua PReM ipewe kipaumbele. Ukiacha wazi, simu moja inayopeleka picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni inawakwamisha wote.

Katubuka: Mwalimu, sikukutaja. Nimesema walimu, na aliyeumia kajitokeza. Fundi mwenyewe anakubali lazima kuwe na kikomo. Sasa tusi liko wapi?

Mwalimu Kasulu: Fundi kasema kikomo kwa mashine. Wewe ulisema nidhamu kwa watu. Usihame.

Dada Manyovu: Jamani, huku milimani hata hilo bando halina pa kutua. Ruta ikiwekwa ofisini chini ya bati, na dirisha lina nondo, mawimbi yanaisha. Tena mpakani ikiachwa ichague mtandao yenyewe inaweza kuurukia wa Burundi, na gharama inakuwa nyingine kabisa. Lazima mtandao uchaguliwe kwa mkono na matumizi ya nje ya nchi yazimwe. Ruzuku ikilipa bili bila kulipa mlingoti, ni maji kwenye pakacha.

Fundi wa Mwanga: Dada kagusa penyewe. Na mlingoti una makosa yake. Watu wanapandisha antena juu, ruta wanaiacha chini, halafu wanaunganisha kwa waya mwembamba wa antena. Mita 10 za waya ule zinakula zaidi ya nusu ya nguvu uliyoifuata juu. Ruta ya nje ifungwe kule kule juu, iunganishwe na ndani kwa waya wa mtandao unaobeba na umeme wake, na usivuke mita 100. Mlingoti uwe na waya wa ardhi na kinga ya radi kabla waya haujaingia ndani. Radi za Kigoma mnazijua: inapiga mlingoti, inafuata waya, inaua swichi na kila mashine iliyochomekwa.

Mzee wa Gungu: Wanangu, turudi kwenye swali. Wale wenzetu wa Marekani, kupitia tume yao ya mawasiliano, mwaka 2024 waliruhusu ruzuku ilipie vifaa vya intaneti ambavyo mwanafunzi anaazima aende navyo nyumbani. Septemba 2025 tume ile ile, kwa kura, ikaondoa. Shule iliyopanga masomo juu ya fungu hilo ikabaki mikono mitupu. Hapo hata mimi nasita.

Fundi wa Mwanga: Ndiyo maana nasema, mzee, fungu la kwanza liende kwenye seva ya ndani, yaani kompyuta moja ya shule inayotunza masomo na kuzigawia nyingine. Programu za kusomea kama Kolibri na Kiwix zinafanya kazi bila intaneti. Wikipedia ya Kiswahili inaingia kwenye flashi ya GB 8. Bando libaki kwa PReM, NeST na maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Bili ikikatwa, watoto wanaendelea kusoma.

Katubuka: Kwa hiyo bando dogo linatosha. Ndicho nilichosema.

Mwalimu Kasulu: Hukusema hivyo. Ulisema mpira.

Dada Manyovu: Mimi nauliza laini itakuwa ya nani. Kwa sasa laini nyingi za shule zimesajiliwa kwa kidole cha mwalimu. Akihamishwa Kakonko anaondoka nayo, na namba za siri za mifumo zinazotumwa kwa ujumbe zinamfuata huko. Kabla ya senti kutoka, laini isajiliwe kwa jina la taasisi, mwalimu awe mwakilishi tu, abadilishwe akihama.

Mwalimu Kasulu: Hilo nalikubali lote. Na iandikwe kwenye makabidhiano ya ofisi, pamoja na nywila ya ruta. Mkuu mpya akikosa nywila anabonyeza kitufe cha kurudisha ruta mwanzo, na vikomo vyote alivyoweka fundi vinafutika.

Katubuka: Na nywila hiyo ijulikane na walimu wangapi?

Mwalimu Kasulu: Wawili. Mkuu na wa TEHAMA. Usianze tena.