Tupeane uzoefu: ubia wa kampuni kwa kampuni, ulipunjwa wapi?

Mwana Kibaigwa: Wakuu, nimeletewa rasimu ya ubia na kampuni ya Dar, kurasa 14. Wao mtaji, sisi ghala na vijana wa kukusanya mahindi. Faida nusu kwa nusu. Mbona roho inasita?

Mama Alizeti: Umenitonesha. Tulikuwa na kimashine cha kukamua alizeti, huku njia ya Singida. Ikaja kampuni kubwa: walete mbegu, tukamue, faida ya mafuta tugawane nusu. Tukala kuku, tukapiga picha, nikasaini. Mkataba mzima unasema mafuta; mashudu, yale makapi yanayobaki ukishakamua, hayakutajwa hata mara moja. Na mnajua zaidi ya nusu ya uzito wa mbegu hutoka mashudu. Usiku mmoja nakuta Fuso inapakia, nashika kiroba bado cha moto. Dereva ananionyesha karatasi: mbegu zao, mashudu yao. Umeme nanunua mimi! Kwenye mafuta nako wakakata kwanza "gharama za uendeshaji", humo wamo na pango la ofisi yao Dar. Mgawo wangu wa msimu haukufika hata hela ya luku.

Chang'ombe: "Gharama za uendeshaji" ndiko wanakojificha.

Kijana wa Mtumba: Pole mama, ila hukusoma.

Mama Alizeti: Nilisoma. Kisichoandikwa unakisomaje, mwanangu?

Fundi Zege: Afadhali mashudu. Sisi tuliingia zabuni kwa ubia, fungu letu asilimia 30. Mwenzetu akaingia mitini, tukadaiwa mradi wote, maana kwenye ubia wa zabuni kila mmoja anabeba kazi nzima.

Hombolo: Usikae mezani zabibu zimeiva. Mnunuzi anakunywa soda taratibu, wewe unahesabu siku. Mwite wakati wa kupogoa.

Mzee wa Mdomo: Mikataba ya nini? Mie na mwenzangu mwaka wa tisa, hakuna karatasi.

Chang'ombe: Subiri afe, ukutane na wanawe.

Mzee wa Mdomo: Koma!

Kijana wa Mtumba: Na mkisaini lipieni ushuru wa stempu. Bila hiyo mahakama haiupokei mkataba mpaka ulipe na faini.

Mwana Kibaigwa: Mama, nimerudi ukurasa wa 9: "gharama za uendeshaji kama atakavyoamua Mbia wa Kwanza." Mbia wa Kwanza ni wao. Na kesho wametualika chakula.

Mama Alizeti: Usiende.

Fundi Zege: Nenda. Kuku kula, kalamu sahau nyumbani.

Hombolo: Mama, mashine bado ipo? Nina gunia 40, mashudu baki nayo.