Beki mfupi wa kati ajifunze kwa nani: Baresi, Nesta au Cannavaro?

KocheMtaani
Wakuu, habari za jioni. Nina timu ya vijana chini ya miaka 17 hapa Morogoro. Beki wangu wa kati ana moyo sana, ila kimo ni mita 1.74, na mshambuliaji akigeuka tu yeye ameshajirusha chini. Mechi tatu, penalti mbili. Nataka atazame mechi za beki mmoja tu, nisimchanganye. Nimebaki na Waitaliano watatu: Franco Baresi, Alessandro Nesta, Fabio Cannavaro. Yupi?

Kibanda06
Cannavaro, mkuu, wala usiumize kichwa. Kimo chake hakipishani na cha dogo wako, na 2006 alibeba Kombe la Dunia kama nahodha, kisha Ballon d'Or. Nusu fainali ya Dortmund niliitazama kibanda umiza, tumebanana hadi mlangoni. Dakika za mwisho za nyongeza, Italia wanaongoza 1-0, Wajerumani wanamwaga mpira kwenye boksi. Cannavaro anaruka, anautoa kwa kichwa. Mpira unamwendea Podolski. Beki mwingine angerudi kujipanga. Yeye kaufuata mpira uleule alioutoa, kamtangulia Podolski, kaondoka nao. Totti, Gilardino, Del Piero, 2-0. Mwoneshe dogo kwamba jamaa anaanza kukimbia kabla mpira haujashuka. Urefu wake uko hapo. Mashindano yale Italia walifungwa mabao mawili tu katika mechi saba: moja la kujifunga, jingine penalti ya Zidane.

Mrossoneri
Kama hoja ni kimo, Baresi naye hakuwa mrefu. Inter walimkataa akiwa mtoto kwa udogo wa mwili, wakamchukua kaka yake Giuseppe. Akaenda Milan, akacheza huko hadi 1997, timu ikashuka Serie B, daraja la pili, mara mbili naye hakuondoka. Kombe la Dunia 1994 aliumia goti dhidi ya Norway Juni 23, akapasuliwa, na Julai 17 yuko uwanjani Pasadena kwenye fainali, anawakaba Romário na Bebeto wa Brazil dakika 120 bila bao. Penalti yake alipaisha, najua, lakini ile mechi nzima ni darasa. Hakuhitaji kujirusha kwa sababu alishafika.

Nambari5_Kisumu
Kwangu ni Nesta. Hakuna beki aliyeteleza na kuutoa mpira kwa usafi kama yeye, Lazio na hata Milan.

BekiMstaafu
Ndugu yangu wa Kisumu, hapo ndipo ninapoogopa. Kijana mwenye ugonjwa wa kujirusha ukimwonesha Nesta, ataona kuteleza tu. Hataona hatua kumi alizopiga kabla, akimsukumia mtu pembeni hadi njia ikaisha. Tena Nesta ana mita 1.87, miguu yake inafika mbali. Nampenda mno, na inaniuma kwamba Kombe la Dunia 1998, 2002 na 2006 yote aliumia katikati, lakini dogo huyu asianze naye.

Kuhusu Baresi nina swali, kocha: kijana anaongea uwanjani? Baresi alikuwa anaipandisha safu nzima ili washambuliaji waotee, na pembeni yake wako Tassotti, Costacurta na Maldini, watu waliofundishwa na Sacchi kusogea pamoja kila siku. Mtego wa kuotea kwenye mechi za mtaani, mshika kibendera mwenyewe yuko mbali na mstari, ni kujitafutia bao.

Mrossoneri
Hilo la kibendera nakubali. Ila kusoma mchezo kwa Baresi hakuhitaji kibendera.

DadaWaTanga
Na Maldini mmemwacha kwa sababu gani? Mechi 902 Milan, mtu wa mguu wa kulia akawa beki bora wa kushoto, uzeeni akahamia katikati.

KocheMtaani
Dada, Maldini nilimwacha kwa sababu ni mrefu, lakini umenipa la kufikiri. BekiMstaafu, dogo ni mkimya kabisa, hata kuita mpira anaona aibu. Basi naanza na Cannavaro. Mechi ya Dortmund nimeshaipata, kesho baada ya mazoezi tutaitazama pamoja. Nitampa kalamu na daftari, aandike kila mara Cannavaro alipomkabili mtu na kubaki amesimama. Baresi wa Pasadena atafuata akishaanza kuongea. Jumamosi tuna mechi, nitaleta majibu hapa.