Vuta n'Kuvute, Nagona au Adili na Nduguze? Hela yangu inatosha kitabu kimoja

BintiMakorora:
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla ya Ijumaa. Nina hela ya riwaya moja tu na nimebaki na hizo tatu kichwani.

Vuta n'Kuvute nimekimaliza wiki iliyopita. Ni cha kuazima na mwenyewe anakitaka. Tangu nimalize sijakaa sawa. Yasmin ana miaka 15, kaozwa kwa Bwana Raza ambaye kwa umri ni wa kumzaa, na pale anapoondoka nyumba ile nilikuwa ndani ya daladala, nikapitiliza vituo viwili sina habari. Penzi lake na Denge limeniingia kwa sababu Adam Shafi hakulifungia chumbani. Denge anampinga mkoloni, askari wanamwinda, basi hata wakikaa kuzungumza maneno ya kawaida, wewe msomaji masikio yako yako mlangoni.

Nagona nilikisoma kwa siku mbili maana ni chembamba. Sikukielewa chote, ila usiku wa pili niliamka, nikawasha taa, nikarudia mwanzo. Adili na Nduguze nilisomewa nikiwa darasa la nne. Nakumbuka manyani wawili wanaochapwa kila usiku, basi.

Kipi ninunue?

Kibatari:
Dada, mbona umetuacha njiani? Viwili umeshavisoma, sasa unanunua cha kuweka kabatini au cha zawadi? Kama ni zawadi, ya nani, ana umri gani, anapenda mapenzi au maajabu? Vitabu hivyo havifanani hata kidogo. Ni sawa na kuuliza ununue pweza, maandazi au sufuria.

MwanaWaShangani:
Mie nasema vyote vitatu weka kando. Kama ni mapenzi, soma Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya 1976. Watu wakisikia riwaya ya mapenzi wanangoja barua na maua. Sulubu ni mtu wa jembe, maneno yake ya kuhesabu, na Rehema kafika kwake keshachoshwa na dunia, kwao hakupata pa kukaa kwa raha. Mapenzi yao yamo katika kulima pamoja na kula kilichopatikana. Na kile Kiswahili! Nikisoma namsikia bibi yangu yuko ukumbini anazungumza. Kiu pia ni yake, ya 1972, lakini ile itakutia hasira: Bahati katikati, huku Idi, huku Mwinyi na pesa zake.

Msomi_Nakuru:
Hamjambo nyote. Kwa upande wa maajabu, mnaisahau Kenya kabisa. Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila, 2002. Mhusika anazungushwa dunia nzima akimsaka mtu aliyeivuruga, na hujui kama yuko macho au anaota. Nilikisoma mara ya kwanza nikiwa chuoni, nikakichukia. Nimekirudia Desemba iliyopita, nikamaliza usiku mmoja. Kuna pia Walenisi ya Katama Mkangi, 1995: Dzombo anahukumiwa kifo, anatiwa kwenye chombo kirushwe kikamuue huko, naye anajifunza kukiendesha hadi anatua nchi ya Walenisi. Litamke jina la nchi hiyo polepole utajua ni akina nani wanaokaa huko.

FundiRedio:
Kwani filamu ya Vuta n'Kuvute hukuiona? Ya Amil Shivji, 2021. Tafuta hiyo, hela ya kitabu ibaki mfukoni.

BintiMakorora:
Samahani, nimekosea kutoeleza. Kitabu si cha kusoma mwenyewe, ni cha kumsomea mama mkwe kwa sauti. Katolewa mtoto wa jicho, jicho lina bandeji, na lile jingine nalo halioni vizuri. Kwa hiyo FundiRedio, filamu haitusaidii. Ni mwalimu mstaafu, ana miaka 71, kasoma maisha yake yote, na sasa anakaa barazani mikono mapajani. Inaniuma kumwona vile. Kila baada ya Isha namsomea nusu saa.

Nimeshajaribu viwili hivyo. Nagona tulifika dakika kumi hivi, akaniuliza, "Huyu anakwenda wapi?" Nikamwambia bado sijui. Akasema tumwache aende, yeye analala.

Vuta n'Kuvute kaipenda mno. Lakini jamani, ni mama mkwe. Juzi tulifika mahali nikaona aya inayofuata siwezi kuitoa mdomoni mbele yake. Nikaruka, nikaanza chini yake, sauti sikuibadilisha hata kidogo. Akanyamaza. Nimeshafunua ukurasa mwingine ndipo akasema, "Umeruka, mwanangu. Rudi." Nikarudi. Nilisoma nimeinamia kitabu, shingo inawaka moto. Yeye kakaa vilevile, kidole kinafuata mshono wa khanga. Nilipomaliza akasema, "Sawa, endelea."

Kibatari:
Sasa hilo ulipaswa kuanza nalo! Kitabu cha kusomwa kwa sauti ni suala jingine. Nagona ondoa kabisa, na sisemi hivyo kwa kumdharau mwandishi wake, Kezilahabi. Kile ni cha mtu kukaa peke yake, arudi nyuma, asimame. Msikilizaji hana pa kurudi.

Nunua Adili na Nduguze. Shaaban Robert anaandika kama mtu anayehutubia, sentensi zina mizani, ukisoma vizuri pumzi yako inaangukia kwenye nukta. Halafu kisa chenyewe kimejengwa kwa kusikilizwa: kwa nini mtu mwema kama Adili anawachapa manyani kila usiku? Mfalme Rai anataka kujua, mama mkwe atataka kujua, na hamtalala. Tena ni mtu wa kwenu. Kazaliwa Vibambani 1909, hapo hapo Tanga. Kumsomea mwalimu wa Tanga maneno ya mtu wa Tanga si jambo dogo.

MwanaWaShangani:
Adili ni mwema toka ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Ndugu zake mmoja anaitwa Hasidi, mwengine Mwivu. Sasa hapo kuna kipi cha kungojea? Jina limeshakwambia. Rehema hujui atafanya nini kesho. Mtu wa miaka 71 aliyekwishaona watu hataki kuambiwa mwovu ni yupi, anataka kumtambua mwenyewe.

Kibatari:
Majina ni mlango tu, ndugu yangu. Ingia ndani. Adili analia na ndugu zake waliomfanyia ubaya, hilo jina lake halikukwambia.

SimuliziTamu:
Mimi niseme jambo moja tu, msije mkamshauri dada simulizi za WhatsApp, maana naona kuna mtu atakuja nazo. Yamenikuta.

Mwaka juzi niliingizwa kwenye kundi, simulizi ya msichana aliyeolewa bila kujua kwamba mume ni jini. Sehemu ya 1 hadi ya 10 bure. Nilizisoma jikoni nikingoja maharage yaive, maharage yakaungua. Mwandishi alikuwa na kipaji kweli, sitamnyima haki yake. Alijua kukuonyesha vitu. Mume hali chumvi. Mume havui viatu mbele za watu. Paka wa jirani hapiti mlango ule. Hasemi jini, anakuachia uhesabu mwenyewe.

Sehemu ya 11 ikaanza kulipiwa, 500 kwa sehemu tano. Nikalipa. Tulipofika ya 40 akatangaza kwamba anayetaka hadi mwisho atume 10,000 mara moja. Nilikuwa na hela ya gesi. Nikaituma, nikapika kwa mkaa wiki mbili. Sehemu ya 46 ikaja saa sita usiku: msichana kaamka, taa ya barabarani inaingilia dirishani, shuka imemtoka mume miguuni, na badala ya nyayo anaona kwato. Mbili. Mume macho yako wazi, anamtazama. "Itaendelea."

Haikuendelea. Kesho yake kundi limefungwa, anayeweza kuandika ni admini tu, na admini haandiki. Namba ikawa haipatikani. Tulikuwa zaidi ya watu mia mbili mle ndani. Hela inauma, lakini nawaambieni ukweli, hela nimeisamehe. Ninachoshindwa kusamehe ni yule msichana kuachwa pale kitandani. Mpaka leo nikiamka usiku namuwaza.

Msomi_Nakuru:
Pole sana dada. Huo ni wizi. Ndiyo maana nasema kitabu cha karatasi, hata kama ni ghali, mwisho wake uko mkononi mwako.

MzeeWaBarazani:
Poleni. Lakini nataka kuuliza jambo, maana nimeona neno maajabu linatajwa mara nyingi hapa. Nani kawaambia hadithi ya jini ni ya kubuni tu? Sisi tuliokulia Pangani, kuna mibuyu hupiti chini yake jua la utosi, na hakuna aliyetusimulia hayo kama burudani. Mzungu akiandika joka linatema moto anajua hakuna joka. Mtu wa pwani akiandika kwato, nusu ya wasomaji wanaangalia uvunguni. Huwezi kuviweka kapu moja.

Kibatari:
Mzee, shikamoo. Nakubali kuhusu majini, lakini Shaaban Robert hakuwa anasimulia mibuyu. Kusadikika kaitoa 1951, bado tuko chini ya Mwingereza. Nchi inaelea hewani, wajumbe sita wanatumwa pande zote mpaka mbinguni na ardhini, wanarudi na mema, wanafungwa. Hayo ni maajabu ya kumwezesha mtu kusema asichoweza kusema waziwazi. Kesi ya Karama, mshtakiwa wa kitabu hicho, nimewafundisha wanafunzi wangu miaka mingi, na kila mwaka kuna mtoto anayeuliza, "Mwalimu, hii nchi ni yetu?"

MzeeWaBarazani:
Marahaba. Sijapinga. Nasema aliitoa wapi hiyo njia? Kisa cha Adili kina ndugu yake kwenye Elfu Lela Ulela, na Elfu Lela Ulela ilikuwa barazani kwetu kabla ya vitabu vya shule. Bibi zetu walikuwa nazo mdomoni. Huyo mama wa Tanga utakuta anakijua kisa kuliko kitabu.

Msomi_Nakuru:
Hapo mzee amegusa. Kwetu bara hatukulelewa na majini ya pwani, tulilelewa na mazimwi, na ndiyo sababu Bina-Adamu! iliponivuruga nilimlaumu mwandishi kwa jambo ambalo nyanya yangu alilifanya kila jioni: mtu anameza watu, anapasuliwa kidole, wanatoka wote wazima. Nilipokuwa mdogo sikuwahi kudai maelezo.

FundiRedio:
Samahani kwa ushauri wa filamu, sikujua habari ya macho. Mama apone haraka. Ila kwa nini asisomewe Peponi, riwaya ya Gurnah, ile iliyotafsiriwa kwa Kiswahili 2022?

BintiMakorora:
Asanteni wote. Mzee, umesema kweli mpaka nimeogopa. Jana sikuwa na kitabu, nikamwambia tu, mama, kuna kisa cha mtu anachapa manyani wawili kila usiku. Kabla sijafika mbali akaniinulia mkono. "Na akaingia mji ambao watu wote wamekuwa mawe," akasema, "muuza kitambaa na kipimo chake mkononi." Akasimulia yeye mpaka saa nne. Nikawa mimi ndiye ninayeuliza, halafu ikawaje. Sauti yake ile ya darasani nilikuwa sijaisikia tangu atoke hospitali.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kama anakijua chote nikinunue cha nini? Na wifi yangu anasema ninunue Nyota ya Rehema, naye hajui kama nyinyi mnabishana huku.

Ijumaa nilipita dukani. Adili na Nduguze wamekwisha, nimeambiwa nirudi Jumanne. Nyota ya Rehema muuzaji hajawahi kuisikia. Nagona zipo tano.

MwanaWaShangani:
Muuza vitabu hajaisikia Nyota ya Rehema! Nimekaa kitako. Usikate tamaa bibi, uliza kwa wauza vitabu vilivyotumika, nakala za zamani zipo. Lakini kabla hujalipa hesabu kurasa. Mie niliuziwa nakala ya fotokopi, kurasa za mwisho hamna.

Kibatari:
Akijua chote ndiyo ununue. Atakusahihisha kila ukurasa. Mwalimu mstaafu umpe furaha gani zaidi ya hiyo?

BintiMakorora:
Tuone Jumanne. Leo kasema tumalizie Vuta n'Kuvute kwanza kabla mwenyewe hajakichukua, na nisiruke.

Mpita_Njia88:
SimuliziTamu, hiyo ya kwato mume wake si anauza duka la nguo? Mke anaitwa jina linaloanzia na S?

SimuliziTamu:
Ndiyo! Duka la nguo! Umeisoma mpaka wapi?

Mpita_Njia88:
Niliikuta kwenye kundi jingine, majina yamebadilishwa kidogo. Sehemu ya 47 anakimbia.

SimuliziTamu:
Anakimbilia wapi? Niambie tafadhali. Anafika mlangoni?